Muvi za Mapenzi ya Kung'ang'ania: Usisubiri Kisu

Muvi ya mtu aliyependa mpaka akachanganyikiwa haikosi kisu mahali fulani kuelekea mwisho. Kila aliyeko sebuleni anajua kinakuja, ameshaandaa mto wa kujiziba uso. Ushauri wangu ni kwamba uogope mapema kuliko hapo, kwenye nusu saa ya kwanza, muziki ukiwa bado mtamu na watu wakisema jamaa ana mapenzi ya dhati.

Nazungumza kwa uzoefu wa sebule. Tangu nihamie Dodoma kikazi, Ijumaa jioni nyumbani kwangu Kisasa ni ya muvi. Wenye familia Dar wanakuwa wameshapanda treni, mtaa umepoa, tunabaki wapangaji na mabinti wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, ambao mtoto wa shangazi yangu huwaleta. Wananiita Anti. Bisi nakaanga mimi, wao wanachagua cha kutazama, na mara nyingi wanachagua yale yale: kupendwa, kukataa, kufuatiliwa, damu. Sina neno na uchaguzi wao, hata mimi nazipenda. Ila baadhi ya niliyoyaona kwenye kioo nilikuwa nimeshayaona kwenye simu yangu mwenyewe, kwa hiyo nina ya kusema.

Ukitaka kuanza, anza na Darr. Ni ya Kihindi, ya mwaka 1993, ya mwongozaji Yash Chopra, na kama nyumbani kwenu kulikuwa na deki huenda mama yako anaijua kuliko wewe. Shah Rukh Khan ni Rahul, kijana anayempenda Kiran, ambaye ana mchumba wake mwanajeshi wa majini. Rahul anampigia simu, anamfuata, anajichora jina lake kifuani kwa kisu, na hata Kiran anapoolewa na kwenda fungate Uswisi, yuko nyuma yao. Kiran anatetemeka karibu muvi nzima. Sasa niambie vijana wetu waliiga nini kutoka humo. Waliiga kigugumizi cha Rahul anapolitaja jina la msichana! Waliimba ule wimbo ambamo anamwambia kwamba akubali asikubali, yeye ni wake tu. Wimbo mtamu, sikatai, na hata mimi naufuatisha nikiwa jikoni. Lakini sikiliza wanachocheka watu sebuleni kwako. Kwangu, mara ya kwanza kuiweka, waliomwonea huruma Rahul walikuwa wengi kuliko waliomwonea huruma Kiran. "Jamani, si kapenda tu?" Tukasimamisha muvi, tukabishana mpaka bisi zikapoa.

Ubishi ule ndio sababu nasema usizitazame hizi peke yako usiku, simu mkononi. Tazama na watu, na uwe tayari kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Uliza swali moja tu: hapa, huyu dada ameshasema hapana au bado? Ukianza kuliuliza, utashangaa jinsi hapana inavyotamkwa mapema na jinsi muvi inavyoipita kama haikusikia.

Ya pili ninayoipendekeza ni Play Misty for Me ya 1971, ya kwanza ambayo Clint Eastwood aliongoza mwenyewe. Yeye ndiye mtangazaji wa redio ya usiku huko California, na kuna msikilizaji wa kike anayepiga simu kila mara kuomba wimbo ule ule. Kwa nchi iliyolelewa na vipindi vya salamu kama yetu, hadithi hii haina ugeni wowote. Wanakutana, wanalala pamoja, kisha dada anatokea nyumbani kwake bila taarifa, kabeba mahitaji ya kupika. Nadhani watazamaji wa Marekani walishtuka pale pale. Mabinti wangu hawakushtuka hata kidogo. Kwetu mtu kuja bila taarifa ni ugeni wa kawaida, na akija na nyama ndiyo kabisa, karibu ndani.

Kwa hiyo dalili za kwenye muvi usizichukue zilivyo, zitafutie sura zinazovaa huku kwetu. Aliyenisumbua mimi, kabla sijahamia huku, hakuja na kisu wala hakuchemsha sungura wa mtu kama kwenye Fatal Attraction, nitakayoifikia hapa chini. Alikuja na vocha. Kila asubuhi muda wa maongezi umeingia, na jioni anauliza nimeutumia kuongea na nani. Akazoeana na bodaboda wangu wa kila siku, nikawa najua kwamba anajua nimeshukia wapi. Nilipomwambia sitaki uhusiano, akahamia kwa mama yangu. Akawa anampigia kumsalimia, anamtumia hela ya dawa, anamlilia. Mama akanipigia kuniuliza kwa nini namtesa mtoto wa watu. Katika muvi zote nilizotazama sijaona mbinu kali kama hiyo, kwa sababu waandishi wa Hollywood hawana mama wa Kiswahili ndani ya hadithi zao.

Hizo ndizo za kuogopa: zawadi inayodai taarifa, msaada unaokuja na ulinzi, ndugu zako kuchukuliwa mmoja mmoja, posa kuzungumzwa wakati wewe hujasema ndiyo, neno la siri la simu yako kuombwa kama ushahidi wa mapenzi. Na wanawake nao hufanya. Nimemsikia kaka mmoja wa ofisini akisimulia jinsi binti alivyohamia kwake begi kwa begi bila kuulizwa, watu wakamcheka kwamba mwanaume mzima anamwogopa mwanamke. Wala hakuwa anatania.

Fatal Attraction ya 1987 naiweka ya tatu makusudi, ingawa ndiyo maarufu kuliko zote. Adrian Lyne aliiongoza. Michael Douglas ni mwanasheria mwenye mke na mtoto, Glenn Close ni Alex, dada aliyelala naye mwishoni mwa wiki moja kisha akakataa kuachwa. Kabla hujaitazama ujue jambo hili: mwisho unaouona sio uliotengenezwa kwanza. Awali Alex alijiua kwa namna iliyomfanya mwanaume ashukiwe kumuua. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, walitaka aadhibiwe, basi ukapigwa mwisho mwingine ambao mke wa jamaa anampiga risasi bafuni. Glenn Close alipinga mabadiliko hayo. Alikuwa amezungumza na madaktari wa akili ili amwelewe Alex, na akaona mgonjwa wake anageuzwa jini. Mimi niko upande wake. Tena nakerwa kwamba bwana mwenye ndoa anatoka salama, kakumbatiwa na familia, na sebuleni kwangu hakuna aliyemlaumu mpaka nilipomtaja.

Obsessed ya 2009 wataileta tu, kwa sababu ya Beyoncé. Waache. Kama muvi ni nyepesi, na ile ngumi ya mwisho kati yake na Ali Larter ni burudani ya kupigia makofi. Kuna jambo moja tu la kulishika humo: Idris Elba anasumbuliwa na karani wa muda ofisini kwake na hamwambii mke wake. Mke anakuja kujua mambo yakiwa yameshafika hospitali. Ule ukimya wake ndio uliompa karani nafasi. King'ang'anizi anaishi kwa siri yako. Anajua unaona aibu kusema, kwa hiyo anaendelea.

Sleeping with the Enemy ya 1991, Julia Roberts akiwa mke wa mtu anayetaka taulo zipangwe sawasawa na makopo ya kabati yasimame mstari, itazame mkiwa watulivu. Hiyo haina utani. Anajifanya amezama baharini ili aondoke, na mume anamtafuta. Hapo kuna ukweli ambao kila anayefanya kazi na wanawake waliopigwa anaujua: saa ya kuondoka ndiyo ya hatari kuliko miaka ya kukaa. Usimshauri rafiki yako "si uondoke tu" ukarudi kulala. Muulize ataondoka siku gani, kwa usafiri gani, nyaraka zake ziko kwa nani, na nani atampokea.

Sasa mahali ambapo muvi hizi zote zinadanganya. Ili hadithi iende, mhusika lazima abaki peke yake. Kwa hiyo polisi hawaamini, simu imekatika, nyumba iko porini, majirani hawapo. Ukizitazama nyingi mfululizo unaanza kuamini kwamba ndivyo dunia ilivyo, kwamba mwisho wa yote ni wewe, yeye, na bunduki. Nyumba ya kupanga ya Chang'ombe au Majengo haina upweke huo. Ukikohoa vyumba sita wanakupa pole. Tatizo liko kwetu tuliohamia kwenye nyumba za ukuta na geti, tusio na ndugu mji huu, tunaosalimiana na jirani kwa honi ya gari. Sisi ndio tunaishi kama kwenye muvi. Kama wewe ni mgeni Dodoma, basi kabla hata hujapata wa kukusumbua, mjue mwenyekiti wako wa mtaa kwa sura, mjue mama wa genge, na majirani wawili wawe na namba yako.

Yaliyonisaidia mimi hayakuwa na msisimko wowote. Nilimwandikia ujumbe mmoja, mfupi, wa Kiswahili kilichonyooka: sitaki, usinipigie, usimpigie mama. Sikuongeza sababu, maana kila sababu ni mlango wa kujadiliana. Baada ya hapo sikujibu tena chochote, hata matusi, hata kilio, hata "naomba tuonane mara ya mwisho". Hiyo mara ya mwisho usiende kabisa. Nikawaambia mlinzi wa ofisi, bosi wangu, kaka yangu na yule bodaboda. Mama nilimfuata mwenyewe na kumsomea zile meseji moja baada ya nyingine mpaka akavua miwani. Meseji zenyewe sikuzifuta. Nilizipiga picha kwenye simu na kumtumia kaka azihifadhi, kwa sababu simu inaweza kuibiwa au kuvunjwa na mwenye nia.

Ukifikia hatua ya polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, usiishie kaunta ambako askari aliyechoka anaweza kukuambia mkayamalize nyumbani. Toka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kwa vitisho vya simu na mitandao, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mabinti wa chuo, ulizeni pia dawati la jinsia la chuo chenu. Vyuo vingi siku hizi vinalo, na wapo watu wanaoona wepesi kuanzia hapo kuliko kituoni.

Kuhusu kumtazamisha mchumba mpya ili umpime: watu huniuliza sana. Mtazamishe, ila muvi haipimi kama kipimo cha malaria, hutapata mistari miwili. Wapo wanaomlaani Rahul kwenye kioo na usiku wanakagua simu za wapenzi wao. Kinachosaidia zaidi ni kumkatalia jambo dogo, kwa mfano safari ya wikiendi, ukaangalia anafanya nini na hapana hiyo.

Na kama unasoma huku ukijiona upande wa pili, wewe ndiye unayefungua laini mpya kila akikuzuia, unayepita mtaani kwake usiku kuangalia kama taa inawaka, nawe sikufukuzi. Alex wa Fatal Attraction anajikata vifundo vya mikono mapema kabisa kwenye muvi, na hakuna hata mmoja anayempeleka kwa daktari. Hapo hadithi nzima ingeweza kwenda njia nyingine. Wapo hata wanaoamini kwa dhati kwamba wanapendwa na mtu ambaye hajawahi kuwapenda. Daktari wa Ufaransa, Gaëtan de Clérambault, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1921. Wengine hawana ugonjwa huo, wameachwa vibaya tu na hawalali. Sisi wa Dodoma tuna utani mbaya wa Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko hapa hapa mjini, mtu akikosea kidogo anaambiwa apelekwe, na utani huo unawazuia watu kwenda mahali palipo karibu nao kuliko Watanzania wengine wote. Futa namba, mpe rafiki simu yako usiku, kisha nenda kamwone daktari wa afya ya akili. Si lazima uwe unaokota makopo ndiyo upokelewe.