Barua Zenu: Kusafisha Filamu Katika Joto la Pwani

Barua nne za toleo hili zinahusu kazi moja, yaani kusafisha filamu nyeusi na nyeupe (kuitoa picha kwa dawa) na kuchapisha picha katika chumba cha giza, kwa hiyo nimeona nizijibu pamoja. Wasomaji wetu wa Kenya watanivumilia nikiandika "kusafisha" pale ambapo wao husema "kuosha".

SWALI: Nimerithi kwa marehemu mjomba wangu kamera, tangi la kusafishia filamu na kipimajoto. Maelekezo ya dawa yanataka nyuzi 20, lakini maji ya bomba hapa kwetu ni nyuzi 29 hata alfajiri. Nilisafisha filamu moja hivyo hivyo, ila fiksa, yale maji ya mwisho yanayoifanya picha idumu, niliipoza kwa barafu. Negativu (picha za kinyume kwenye filamu) zimetoka nyeusi mno, na picha zote zina nyufa ndogondogo kama tope lililokauka juani. Je, kazi hii haiwezekani bila kiyoyozi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Inawezekana, na imefanyika pwani hii kwa miaka mingi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na joto la huko unalijua.

Makosa yako ni mawili, na kila moja lina chanzo chake. Weusi umetokana na muda: dawa hufanya kazi haraka zaidi kadiri joto linavyopanda, na wewe uliiacha filamu humo kwa dakika za nyuzi 20. Nyufa zimetokana na barafu. Picha inakaa ndani ya tabaka jembamba la gelatini, ambayo huvimba na kulainika ndani ya maji ya uvuguvugu. Ukiitoa hapo na kuitumbukiza ghafla katika maji ya baridi, hujikunyata na kupasuka, na nyufa hizo haziondoki tena. Ndiyo maana namwambia kila anayeanza kwamba dawa, maji ya kusuuzia na fiksa vyote vilingane joto, tofauti isizidi nyuzi moja au mbili. Hilo ni muhimu kuliko kuifikia namba 20 yenyewe.

Usihangaike na 20, chagua 24. Maji yaliyolala ndani ya mtungi kivulini hupoa nyuzi kadhaa bila gharama yoyote. Yamimine katika beseni pana, tia humo chupa mbili za maji zilizogandishwa kwenye friji ya jirani, kisha simamisha ndani ya beseni chupa zako zote za dawa pamoja na tangi lenyewe, na usianze mpaka kipimajoto kitoe jibu moja katika kila chupa. Barafu isiingie ndani ya dawa hata kipande, kwa sababu ikiyeyuka huizimua nawe hujui kwa kiasi gani.

Sasa punguza muda. Filamu ya HP5 Plus katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husafishwa kwa dakika 13 kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 24 dakika hizo hushuka hadi 9 hivi. Napendelea dawa iliyozimuliwa kwa sababu muda wake ni mrefu. Ukitumia dawa kali katika joto, muda unaweza kushuka chini ya dakika 5, na hapo sekunde chache za kumimina tu zinatosha kuacha mawimbi kwenye anga la picha. Wazee wa kazi walikuwa na hila mbili zaidi: kuongeza sodiamu salfeti ndani ya dawa ili gelatini isivimbe, na kutumia fiksa yenye shabu ili igangamale. Shabu hiyo ilipimwa kwa mizani ndani ya fiksa yenye asidi, kwa hiyo usichote tu ile ya dukani ukairushia humo.

SWALI: Je, naweza kutumia siki ya jikoni kuizuia dawa isiendelee kufanya kazi? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ndiyo, mradi iwe siki nyeupe, isiyo na rangi wala viungo. Siki ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, inatosha. Iache sekunde 10 hadi 30, kisha tia fiksa.

SWALI: Filamu yangu imetoka tupu, inapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Fundi aliyeniuzia kamera anasema nimeiharibu kwenye dawa. Mimi nasema kamera yake ni mbovu. Ni nani mkweli? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Filamu yenyewe itatoa ushahidi. Itazame pembeni, karibu na matundu. Kiwandani huchapwa hapo, kwa mwanga, jina la filamu na namba za picha, na maandishi hayo hutokea tu filamu inapopita kwenye dawa, sawasawa na picha zako. Yakiwapo, meusi na yanayosomeka, dawa yako ilifanya kazi na filamu haikupata mwanga ndani ya kamera. Kabla hujamrudia fundi kwa ugomvi, hata hivyo, jiulize kama filamu ilishika vizuri ulipoipakia: kila unapovuta picha mpya, kile kishikio cha kurudishia filamu upande wa kushoto kinapaswa kuzunguka, na kisipozunguka ujue filamu imesimama palepale.

Na ikiwa hata maandishi ya pembeni hayapo, fundi yuko sahihi. Ama dawa ilikuwa imekufa, ama ulitanguliza fiksa, ambayo huyeyusha chumvi zote za fedha kabla picha haijatokea; mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliigundua tabia hiyo ya "hypo", chumvi ya kutengenezea fiksa, tangu mwaka 1819. Sikucheki. Mimi nilipoteza filamu nzima ya harusi ya binamu yangu kwa sababu niliweka dawa na fiksa katika chupa mbili za soda zinazofanana, bila maandishi, na bibi harusi hajasahau mpaka leo. Tangu siku hiyo hutia kipande cha filamu ndani ya fiksa kabla ya kazi. Hicho hunionyesha kwamba chupa ni yenyewe, na zile sekunde kinazochukua kung'aa huzizidisha mara mbili kupata muda wa fiksa. Filamu ikitoka na ukungu wa maziwa, basi haikukaa vya kutosha, irudishe tu.

SWALI: Klabu yetu ya picha imegeuza stoo kuwa chumba cha giza, tukafunga balbu nyekundu ya dukani. Negativu ni nzuri, lakini picha zinatoka za kijivu. Hata kanzu nyeupe inaonekana kama haijafuliwa. (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Naishuku balbu. Karatasi ya picha huona mwanga wa buluu na kijani, haioni mwekundu, tofauti na filamu ya kawaida inayoona rangi zote na ambayo lazima ipakiwe kwenye tangi katika giza totoro. Lakini balbu iliyopakwa rangi nyekundu mara nyingi huvujisha rangi nyingine. Ijaribuni hivi: katika giza, ipeni karatasi mwanga kidogo sana wa mashine ya kukuzia, kiasi cha kuifanya kijivu chepesi, kwa sababu karatasi iliyokwisha kuguswa na mwanga huonyesha kasoro mapema zaidi. Wekeni sarafu juu yake, washeni balbu kwa dakika 5, kisha isafisheni balbu ikiwa imezimwa. Mkiona duara la sarafu, balbu haifai, au mmeitundika karibu mno.

Ikiwa duara halionekani, basi nashuku haraka zenu. Wanaoanza huona picha inaingia weusi upesi, wakainyakua baada ya sekunde 20, na matokeo yake ni kijivu kisicho na nyeusi wala nyeupe. Karatasi ya picha iliyopakwa plastiki (RC) ikae dakika nzima kwenye dawa, na kama imezidi weusi punguzeni mwanga wa mashine. Kateni kipande cha karatasi, kifunikeni kwa kadibodi chini ya mwanga wa mashine mkiisogeza kila baada ya sekunde 3, kisafisheni, kisha kitazameni nje ya chumba, kwenye mwanga wa kawaida, kwa kuwa taa nyekundu hudanganya. Chagueni sekunde kwa kuangalia kanzu peke yake: weupe wake ubaki na mikunjo inayoonekana. Kanzu ikishakaa sawa ndipo mtazame nywele na vivuli. Vikiwa bado kijivu, ongezeni namba ya filta ya mashine, ile inayokuza tofauti ya weusi na weupe, kutoka 2 hadi 3 au 3½, na mjaribu sekunde upya, maana filta ikibadilika na kanzu inaweza kubadilika nayo.