Mpira wa Tumboni Baada ya Upasuaji wa Kongosho: Ya Kuangalia Ukiwa Lamu

Mshono wa kongosho ni msumbufu kuliko mishono mingi ya tumbo. Maji yake kazi yake ni kusaga nyama na mafuta, na yakivuja husaga chochote yanachokigusa. Ndiyo sababu mgonjwa huachiwa ubavuni mpira mwembamba wa kutoa maji, wenye kichupa cha kuvuta mwishoni, na wengine hurudi nao nyumbani.

Kuanzia siku ya 3 baada ya upasuaji, maji ya mpira yakiwa na amilesi (kimeng'enya cha kongosho) zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida katika damu, kongosho linavuja. Kipimo hicho peke yake kisiwatie hofu. Asiye na homa na anayekula vizuri mara nyingi hungojwa tu, mpira ukiwa mahali pake.

Nyumbani, nawa mikono, mwaga kichupa kabla hakijafika nusu, pima kwa mililita, andika kiasi na rangi. Kibonyeze hewa yote itoke, ndipo ufunge kizibo. Ukifunga kikiwa kimejaa hewa, hakivuti. Kibane kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda. Ngozi ikianza kuchubuka, osha kwa maji, kausha, paka krimu ya zinki, ile ile ya watoto wa nepi. Mafuta ya nazi hayafai hapo: plasta haishiki.

Maji yakikata ghafla, msishangilie. Pengine mpira umekunjika au umeziba, hasa tumbo likiuma au homa ikifika nyuzi 38. Msiuzibue wenyewe kwa sindano.

La kuogopwa zaidi ni damu mbichi mpirani, hata kidogo, hata ikikoma yenyewe. Huenda mshipa mkubwa umeshaliwa, na damu nyingi inafuata. Msingoje asubuhi: nendeni hospitali ya King Fahd, Lamu, mara moja, rufaa ya Mombasa ianze kupangwa, maana kuna kivuko cha Mokowe na barabara ndefu baada yake. Barua ya kuruhusiwa na daftari la vipimo viwe mfuko mmoja, tayari.

Uvujaji mwingine, hasa pale tumbo la chakula lilipounganishwa na utumbo, hutibiwa kwa sponji ya kuvuta. Daktari huingia na kamera kupitia mdomoni, huweka sponji iliyokatwa ndogo kuliko shimo lenyewe, na mpira wake hutokea puani hadi kwenye mashine, kwa kawaida kwa mvuto wa mmHg 125 (milimita za zebaki, kipimo cha nguvu ya mvuto). Hufanyika hospitalini tu, tena si kila hospitali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kusafiri. Sponji hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Ikikawia, nyama huota ndani yake na kuitoa huleta damu. Kwa hiyo jipangieni kukaa Mombasa au Nairobi wiki kadhaa.

Wodini, angalieni mgonjwa asiulalie mpira wa pua. Ukichomoka, msiurudishe, mwiteni muuguzi. Na supu ya shangazi isubiri: kitu kisipite mdomoni mpaka daktari aruhusu.