Kupe, skanki na popo: kwa mnaohamia kaskazini mashariki mwa Marekani

Wanaojiandaa kuhamia Maine, Connecticut au Pennsylvania huuliza kwanza habari za dubu. Wengi watakaa miaka bila kumwona. Wa kumhofia ni kupe wa kulungu, na kumpata si lazima uingie msituni: anangoja kwenye nyasi ndefu na majani makavu nyuma ya nyumba, pale watoto wanapochezea mpira.

Waliokulia Dodoma wanamjua papasi, jamaa ya kupe anayejificha kwenye nyufa za nyumba. Bakteria wa homa ya papasi na wale wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kulungu, ni wa jenasi moja, Borrelia. Lakini papasi hutoka kwenye ufa usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi, na muda huo mfupi unatosha kukuambukiza. Kupe wa kulungu hung'ang'ania ngozini kwa siku kadhaa, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza Lyme. Ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni unaokoa watu. Angalia nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, na kwa wasichana waliosukwa, pitisha vidole kati ya mistari ya nywele. Mwezi Mei hadi Julai kupe wachanga wana ukubwa wa mbegu ya mchicha, kwa hiyo vidole huwagundua vizuri kuliko macho.

Nguo za shambani au matembezini zitie kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali dakika 10 kabla ya kuzifua. Ukianza kuzifua kwa maji baridi, kupe anatoka mzima.

Ukimkuta ameng'ata, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu bila kuzungusha. Msimpake mafuta ya taa wala vaselini, na msimchome kwa kiberiti. Mnachelewa kumtoa, na akisumbuliwa anaweza kutema mate yenye vijidudu ndani ya jeraha. Osha kwa sabuni, mgandishe kupe kwenye selotepu, andika tarehe. Ikiwa alikaa muda mrefu, nenda kwa daktari upesi: dozi moja ya kinga ya doxycycline, dawa ya kuua bakteria, hutolewa ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe.

Hapa pana jambo linalowaumiza watu wetu. Vipeperushi vingi vya Lyme huonyesha alama yake kama duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Alama huweza kufanana na mvilio wa damu, na hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa. Ukiwa na homa, uchovu na maumivu ya viungo wakati wa kiangazi cha huko (Juni hadi Agosti), mtajie daktari kupe hata kama hujaona alama yoyote.

Skanki, mnyama mdogo wa porini, ana weupe na weusi kama kicheche wetu, na silaha yao ni moja: majimaji yenye harufu kali wanayopulizia kutoka chini ya mkia. Akikanyagakanyaga chini kwa miguu ya mbele na kuinua mkia, rudi nyuma polepole. Mbwa akishapuliziwa, changanya lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bekingi soda (si bekingi pauda), na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo. Mpake mara moja, epuka macho, acha dakika 5, suuza. Mchanganyiko uliobaki umwage; ukiufungia chupani gesi itaipasua. Juisi ya nyanya haiondoi kitu, na mbwa akilowa tena harufu hurudi.

Popo usimchukulie kama wale wa darini kwetu. Huko Marekani vifo vingi vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na popo, na meno yao ni madogo mno, alama ya kung'atwa huenda isionekane. Ukiamka ukamkuta chumbani, au chumbani mwa mtoto aliyelala, usimfungulie dirisha. Funga mlango, vaa glavu nene, subiri atue, mfunike kwa boksi, pitisha kadibodi chini yake, kisha piga simu idara ya afya. Usimponde kichwa: ubongo ndio unaopimwa, na bila kipimo hicho familia nzima iliyolala humo huenda ikalazimika kuchomwa sindano 4 za chanjo ndani ya wiki 2, pamoja na ile ya kingamwili.