Uwiano wa kinyume: zidisha kwanza

Nilipokuwa mwanafunzi niliamini kwamba namba moja ikipanda na nyingine ikishuka, basi huo ni uwiano wa kinyume. Imani hiyo iliniponza kwenye mtihani. Jedwali lilikuwa na x ya 2, 4 na 6, na y ya 12, 10 na 8. Sikusita. Nikaandika y = k/x, k ikiwa namba isiyobadilika, nikachukua jozi ya kwanza, k ikawa 24, nikaendelea na swali lililofuata kwa madaha. Nilipata sifuri.

Ningezidisha jozi zote tatu ningeshtuka mapema: 2 × 12 ni 24, 4 × 10 ni 40, 6 × 8 ni 48. Kilichokuwa hakibadiliki pale ni jumla, yaani 14, wala si zao (jibu la kuzidisha). Mlinganyo wake ni y = 14 − x, mstari ulionyooka.

Tangu hapo sianzi na y = k/x. Naanza na xy = k. Mlinganyo ni uleule, lakini ukiuandika hivi, kipimo chenyewe unakiona: zao lisipodumu, achana nao.

Halafu jiulize k ni kitu gani. Gari likienda kilomita 60 kwa saa na kufika baada ya saa 4, k ni 240, na hiyo 240 ni umbali wa safari. Kwa mwendo wa 80, gawanya tu: saa 3. Mafundi 6 wakimaliza kazi kwa siku 10, k ni siku 60 za fundi mmoja. (Si kila k ina jina rahisi hivyo. Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alichapisha kwamba kanieneo ya gesi ikizidishwa kwa ujazo wake, zao halibadiliki, mradi halijoto ibaki ileile. Hilo zao uliite nani?)

Penye mraba ndipo wengi huanguka. Swali likisema y inabadilika kinyume na mraba wa x, na y ni 5 x ikiwa 2, andika x²y = k kabla hujagusa namba yoyote. Kwa hiyo k ni 4 × 5, yaani 20. x ikiwa 4, y ni 20 ÷ 16, yaani 1.25: x imeongezeka mara mbili, y imebaki robo. Ukipata 2.5, mraba umeusahau kote. Ukipata 0.625, umeukumbuka mwishoni tu.