Santuri Zilizotumika: Wasomaji Wauliza

SWALI: Dukani hakuna mashine ya kujaribia. Nitaijuaje santuri nzima kwa macho tu?

JIBU: Itoe kwenye bahasha yake ukiishika kwa kingo na lebo, kisha iinamishe chini ya taa moja kali na kuigeuza polepole. Mwanga uliotawanyika huficha mengi. Vijistari vinavyoonekana kwa ubavu tu mara nyingi havisikiki. Pitisha ncha ya kidole kwa wepesi: mkwaruzo unaohisika, sindano nayo itaugonga kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8 kwa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika. Mkwaruzo unaokatiza mifereji hutoa mlio wa tak, tak. Unaofuata mifereji ni hatari zaidi, kwani sindano hunasa humo ikarudia maneno yaleyale, au huruka.

Tazama pia tundu la katikati. Vijia vingi vya kung'aa kwenye lebo, vilivyochorwa na msumari wa mashine, ni dalili kuwa imechezwa sana na watu wasio makini. Uso uliofifia na kuwa wa kijivu umelika kwa sindano butu au nzito, na huo hauna dawa, kuosha hakutaurudisha. Sauti huanza kukwaruza karibu na lebo, maana huko mzunguko ni mfupi na mawimbi ya sauti yamebanana.

Mwisho, iweke usawa wa jicho. Wimbi pana la kupanda na kushuka kidogo huchezeka, ila kituta kifupi cha ukingoni huirusha sindano. Vumbi na alama za vidole visikufukuze, huoshwa. Na tafadhali, hakikisha santuri iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada. Hubadilishwa mno.

SWALI: Muuzaji wa mtandaoni ameandika VG+. Nimwamini?

JIBU: Muulize kwanza kama ameisikiliza au ameitazama tu. Herufi hizo ni madaraja ya hali ya santuri: VG+ (nzuri sana na zaidi) inaruhusu alama ndogo zisizoharibu usikilizaji. VG (nzuri sana) tayari ina kelele zinazosikika sehemu tulivu, na G (nzuri) huchakarisha sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tungelipa bei ya daraja moja chini kwa santuri ambayo haijasikilizwa.

Omba picha za pande zote mbili chini ya mwanga wa ubavu, pamoja na namba zilizochongwa kwenye duara tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Namba hizo husaidia kutambua toleo. Jalada peke yake halitoshi, kwa sababu matoleo ya baadaye huweza kurudia jalada lilelile.

Msisitize aitoe santuri kwenye jalada, ibaki katika bahasha ya ndani, na vyote vibanwe kati ya makadibodi mawili magumu. Ikisafiri ndani ya jalada, ukingo wake hupasua mshono.

SWALI: Nimepata santuri nzito za mizunguko 78. Nizioshe kwa spiriti?

JIBU: Hapana! Nyingi ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu wa wadudu, na spiriti huiyeyusha. Tumia maji yaliyokenekwa na tone la sabuni laini, usilowanishe lebo, kausha mara moja. Usizicheze kwa sindano ya LP, yaani ya santuri za 33⅓: mifereji ya hizi za 78 ni mipana, hivyo sindano nyembamba hushuka hadi chini na kuokota kelele. Inahitajika yenye ncha ya nusukipenyo cha takriban maikroni 75 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zisimamishe wima, na usizidondoshe. Shelaki huvunjika kama sahani.