Unataka kutembeza wageni mtoni? Ufuate mto wenyewe kwanza

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, anataka kutembeza wageni kwenye mto wa kijijini kwao kama ninavyofanya mie huku Pemba, eti nimpe siri. Siri hakuna jamani. Tia mguu njiani uufuate mto mpaka pwani, basi.

Mie naanza nilichekwa mno, "Pemba kuna mto gani, si vijito tu". Leo hao hao wananiletea wageni! Kweli mito yetu mifupi lakini huo ufupi ndo utamu wake, asubuhi moja unaumaliza. Huku magharibi ni vilima na mabonde, chemchemi inatoka chini ya mikarafuu, kivuli na baridi, na msimu ukiwa umeiva unapita majumbani karafuu zimeanikwa majamvini, kina mama wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, harufu inakufuata njia nzima. Baada ya hapo migomba na vichaka, napita haraka. Ukishuka bondeni mto unakupotea kabisa, watu wameugawa kwenye mpunga, wameuziba hapa wakaufungulia pale, pembeni majimbi. Wageni wakaanza kuuliza mto uko wapi, bibi mmoja alokuwa anapandikiza akanyanyua kichwa, "Mto gani tena wanangu, si huo mshaukanyaga?" Kwa hiyo usikanyage ovyo, toa shikamoo, uliza pa kupita, na kabla ya yote pita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo mtaani.

Ukiona mchu, aina ya mkoko, basi ushafika kwenye maji chumvi. Mizizi yake imechomoza topeni imesimama wima kama penseli, na jani ukililamba lina chumvi kweli, maana mti unaitoa chumvi kupitia majani. Wageni hapo wanalambishana majani kama watoto, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanakimbilia mashimoni.

Sasa jueni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inapanda na kushuka kama mita 4, ikijaa inaingia mtoni na mto unarudi nyuma, pale palipokuwa kavu hapapitiki tena. Huku kwetu bamvua maji hukauka saa nne saa tano asubuhi, basi mie naondoka baada tu ya swala ya alfajiri. Na kila siku yanachelewa dakika 50 hivi, ratiba ya jana usiitumie leo.

Kuna hoteli moja siitaji, niliwaonesha njia hii yote, sasa wanaiuza wenyewe na wala hawatembei, wanashusha watu kwa gari kwenye mikoko, picha mbili tatu, wanarudi kula. Bonde hawalioni, yule bibi hawamjui. Vijana msifanye hivyo, tembeeni, salimieni watu, nunueni majimbi yao. Na wewe ulonitumia meseji, ukija kuangalia usije masika, bonde lote linakuwa maji na mie mwenyewe sipiti.