Karaoke ya nyumbani: sauti inachelewa, maiki inapiga mluzi

Pole dada. Umesema ukiimba, sauti yako inatoka kwenye TV umeshafika neno linalofuata, na watoto wakishika maiki inapiga mluzi. Mashine haijafa, usiirudishe dukani.

Mchawi wa kwanza ni Bluetooth inayopeleka sauti ya mashine kwenye TV. Sauti hubanwa, hutumwa hewani, kisha TV huifungua na kuichakata tena. Kuchelewa milisekunde 200 hivi ni kawaida, na kwa mwimbaji huo ni muda mrefu mno. Basi usipeleke sauti ya maiki kwenye TV kabisa. TV ibaki na picha na maneno ya wimbo. Muziki utoke kwenye tundu la hedifoni la TV kwa waya wa AUX uingie kwenye mashine ya karaoke, na maiki ichomekwe mashine hiyohiyo. Maiki usiichomeke kwenye tundu hilo la TV: linatoa sauti, halipokei.

Mluzi unakuja pale maiki inaposikia spika, spika ikairudia kwa nguvu zaidi, mzunguko usiokwisha. Mwimbaji akae nyuma ya spika. Wakataze watoto kufunika kichwa cha maiki kwa kiganja kama wanavyowaona wasanii jukwaani, maana kunazidisha mluzi. Punguza na eko (kitufe cha mwangwi kwenye mashine), nayo huchochea mluzi; wengi huifungua mpaka mwisho wakidhani inaficha sauti mbovu. Haifichi.

Kama sebule ni ya vigae vitupu, vinavyorudisha sauti kwenye maiki, tandika zulia kabla hujanunua spika nyingine.